Ubeti wa Tatu wa Shangazi Sulieti

Kila asubuhi, baada ya chai na muhogo wa kuchemsha, Kalolaine alifungua ukumbi wa wasusi wa mikeka pale Pangai, mji mdogo wa kisiwani. Akina mama waliingia na mafungu yao ya majani ya mkadi, wakakaa chini, wakaanza kusuka na kutaniana.

Kazi ya Kalolaine ilikuwa kutunza seva. Ilikuwa kompyuta ya zamani inayoendeshwa na mfumo wa Linux. Ndani yake kulikuwa na picha za mikeka na sauti za wazee wakiimba nyimbo za ngoma.

Juma moja seva ilianza kusumbua. Programu ya kurekodi ilijifunga yenyewe mara mbili. Kalolaine aliizima mashine, akaiwasha, akaendelea na kazi. Jirani yake Pauliasi, anayetunza kompyuta za shule, alimshauri aangalie kama kumbukumbu ya mashine, yaani RAM, inatosha. Kalolaine alisema ataangalia mkutano wa kanisa ukishapita.

Jumatano alikuja shangazi yake, Sulieti, mwenye miaka themanini na minne. Katika ukoo wao hakuna aliyeheshimiwa kama yeye. Ni yeye peke yake aliyejua beti zote tatu za wimbo ambao baba yake aliutunga baada ya kimbunga. Aliimba, akaeleza kila neno, akaimba tena. Wakati huohuo akina mama wawili walikuwa wakiingiza mamia ya picha kwenye seva ileile.

Shangazi alipomaliza, Kalolaine alitazama kioo. Programu ilikuwa imejifunga. Hakuna kilichohifadhiwa.

"Imeshika?" shangazi akauliza.

"Haikushika, shangazi. Nisamehe."

Shangazi akacheka. "Hiyo mashine yako ina masikio kama ya marehemu mume wangu. Leo nimechoka. Nitakuja Jumatatu."

Jumamosi Shangazi Sulieti alipata kiharusi. Alipona, lakini maneno hayakurudi.

Kalolaine alikwenda kwa Pauliasi na kumwambia yote. Pauliasi hakumlaumu. Alichukua miwani yake, wakaenda ukumbini pamoja. Aliandika amri fupi, free -h. Kioo kikaonyesha kumbukumbu ya gigabaiti mbili. Chini yake palikuwa na mstari ulioandikwa swap. Ilikuwa ndogo sana, na ilikuwa imejaa.

"Wasusi wakizidi humu ndani, mnafanyaje?" Pauliasi akauliza.

"Majani ambayo hayasukwi kwa sasa tunayatoa barazani."

"Basi, kumbukumbu ndiyo sakafu. Swap ndiyo baraza, nayo iko kwenye diski. Baraza lako ni la kukaa mtu mmoja. Sakafu ilipojaa na baraza likajaa, Linux ilichagua programu moja ikaifunga, ili mashine nzima isikwame. Ilichagua ile ya kurekodi."

Kalolaine alivuta kiti akakaa karibu, ajifunze.

Kwanza walihakikisha kwamba diski ina nafasi ya kutosha. Kisha, kwa amri ya fallocate, wakatengeneza faili la gigabaiti nne. Wakalifunga kwa chmod 600, asilisome mtu mwingine isipokuwa msimamizi mkuu wa mashine, kwa sababu hata nywila zinaweza kuangukia humo. Amri ya mkswap ikaliandaa faili. Amri ya swapon ikaliwasha. Mwisho waliongeza mstari mmoja kwenye faili la /etc/fstab, ili seva ikizimwa na kuwashwa, swap irudi yenyewe. Walipoandika tena free -h, swap ilikuwa imeongezeka.

"Ila baraza si sakafu," Pauliasi akaonya. "Kwenda na kurudi kunachelewesha. Ukiona swap inatumika sana kila siku, nunueni kumbukumbu zaidi. Na hii programu ya kurekodi, iamuru ihifadhi sauti kila dakika. Usingoje mwisho."

"Tumetumia muda gani?"

Pauliasi alitazama saa. "Kama dakika kumi."

Kalolaine aliinama. "Dakika kumi tu," akasema, na machozi yakamtoka.

Miezi iliyofuata alirekodi wazee kumi na tisa. Hakupoteza hata rekodi moja. Mmoja wao alikuwa baba yake mdogo, Semisi, mdogo wake Shangazi Sulieti. Semisi alikumbuka beti mbili. Kwa desturi yao kaka hakai chumba kimoja na dada yake, kwa hiyo Kalolaine aliichukua sauti yake, akampelekea shangazi nyumbani.

Shangazi alisikiliza amefumba macho. Beti mbili zikaisha. Sauti ya Semisi ikasema kwamba hapo ndipo anapokomea. Shangazi akafumbua macho. Akafungua kinywa, lakini hakikutoka kitu. Ndipo akainua mkono wake ambao haukupooza, akaanza kugonga mkeka kwa vidole. Polepole, kisha haraka, kisha polepole tena. Kalolaine akaelewa, akawahi kuwasha kinasa sauti. Shangazi aligonga ubeti wote wa tatu, mpaka mwisho.

Siku hiyohiyo Kalolaine aliihifadhi sauti ile kwenye seva. Ni dakika nne za vidole juu ya mkeka. Maneno ya ubeti ule hakuna anayeweza kuyasema.