Komeo la Chumba cha Kamlesh

Balkar Singh ni mume wa dada yangu. Kazi yake ni kukadiria hasara za moto kwa ajili ya kampuni za bima hapa Amritsar, India, na si mtu wa kutishika hovyo. Ukimwambia umeona jini, atakuuliza lilikuwa umbali wa mita ngapi. Ndiyo maana aliponisimulia haya, ameshika kikombe cha chai ambayo hakuinywa mpaka ikapoa, nilimwamini kabla hajamaliza.

Ilikuwa Jumanne ya Februari, saa nne asubuhi, jua la baridi limetulia juu ya mapaa. Alikwenda nyumbani kwa Tirath Ram Mehra, mfanyabiashara wa shali, kwenye uchochoro ulio nyuma ya soko la nguo. Nyumba iliungua siku sita kabla, familia nzima ikiwa harusini Jalandhar. Mehra, mzee wa miaka sitini na ushee, alimpokea mlangoni, akimwita Sardarji, jina la heshima kwa Singasinga.

"Karibu, Sardarji! Kazi yenyewe ndogo. Nyaya mbovu, zikawaka, basi. Andika hivyo tukanywe chai."

"Chai nitakunywa, Lalaji. Kuandika, mpaka nione," Balkar alijibu, naye akimwita kwa jina la heshima la wafanyabiashara wazee.

"Sasa kwenye majivu unatafuta nini, dhahabu?"

"Natafuta moto ulikoanzia."

"Si ulishazimwa, ndugu yangu!"

Wakacheka wote wawili.

Balkar anao mwongozo wake wa uchunguzi wa moto, kitabu kinene kilichochakaa pembe, na huufuata kama wengine wanavyofuata sala. Unaanzia palipoungua kidogo, unasogea taratibu kuelekea palipoungua zaidi. Unapiga picha kabla hujagusa. Huingii na jibu kichwani. Na chanzo ukikikosa, unaandika hakijulikani, hata kama mwenye nyumba analia mbele yako.

Sebuleni palikuwa na moshi tu. Korido ilikuwa nyeusi juu, chini safi. Mwisho wa korido, chumba kidogo kisicho na dirisha kilikuwa kimeungua mpaka matofali, na mlango wake ulibaki vipande vya mkaa sakafuni. Moto ulianzia humo. Hilo halikuhitaji mtaalamu.

Lakini umeme haukufika humo. Balkar aliufuata waya ukutani kwa kidole. Ulikuwa umekatwa koridoni, ncha yake imefunikwa na rangi ya miaka mingi.

"Hiki chumba cha nini, Lalaji?"

"Stoo. Shali za zamani."

"Shali haziwaki zenyewe."

Mehra akakung'uta majivu kwenye shali aliyojitanda.

Ukuta wa nyuma ulikuwa mweusi tii, isipokuwa sehemu moja. Kitu kikikaa mbele ya ukuta wakati wa moto, nyuma yake masizi hayashiki, panabaki doa safi lenye umbo la kitu hicho. Doa hili lilikuwa na umbo la mtu aliyekaa chini, amekumbatia magoti.

"Palikuwa na gunia la sufu hapo," Mehra alisema haraka.

Yawezekana. Balkar akapima kimo. Sentimita themanini. Akapiga picha.

Kisha akachutama kizingitini, akachekecha majivu. Akapata komeo la mlango, bado limo ndani ya pete yake, vimeshikana kwa kutu. Kwa lilivyoungua, lilikuwa limefungwa moto ulipowaka. Limefungwa kwa nje. Akalitia kwenye mfuko wa ushahidi, akaandika namba.

Alipoinua kichwa, doa lilikuwa limesimama.

Akapima tena. Sentimita mia moja na hamsini. Akatazama kamera: picha ya kwanza, limekaa. Sakafuni hapakuwa na masizi mapya yaliyoanguka. Akapiga picha ya pili. Alipoishusha kamera, pembeni mwa doa palikuwa na vidole vitano, safi, vimetanuka.

Akarudi koridoni kinyumenyume.

"Lalaji," alinong'ona. "Nani alikuwa humu?"

Mehra akachungulia.

"Kamlesh."

Alikuwa mke wake wa kwanza. Miaka thelathini na moja iliyopita, mtaa mzima uliambiwa jiko la mafuta ya taa limemlipukia. Tangu ilipotolewa maiti yake, chumba kile kilipigwa mlango mpya, kikafungwa, kikakatiwa umeme. Hakikufunguliwa tena.

"Jiko lilifuata nini chumba cha ndani, kisicho na dirisha?"

"Usiniulize. Andika nyaya, Sardarji. Nakuomba. Nina wajukuu."

"Nitaandika nilichokiona."

Mehra akaivua shali yake mabegani. Akaingia chumbani, akaanza kuusugua ukuta. Masizi yalitoka. Doa halikutoka. Akasugua kwa mikono miwili, akihema.

Ndipo Balkar akasikia komeo.

Chuma kikipita ndani ya pete. Polepole. Mpaka mwisho.

Mlango haukuwepo. Komeo lilikuwa mkononi mwake, ndani ya mfuko.

Mehra akageuka atoke. Akagonga kitu. Hewa tupu. Viganja vyake vikalala bapa, kama vimewekwa juu ya ubao. Akapiga hewa kwa ngumi. Mdomo ulikuwa wazi, anapiga kelele, na sauti haikutoka. Kisha nywele zake za mvi zikaanza kujikunja. Moto haukuonekana. Nyusi zikajikunja.

Balkar akafanya kile ambacho mwongozo wake unakataza. Akauchana mfuko. Akavuta komeo. Halikutoka. Akaikanyaga pete kwa buti, akavuta kwa nguvu zake zote.

Likachomoka.

Mehra akaangukia koridoni, anakohoa masizi.

"Alibisha," alisema. "Alibisha muda mrefu. Nilikaa hapa hapa. Nilimsikia mpaka akanyamaza."

"Ulimfungia wewe?"

"Mimi. Na moto uliomuua niliuwasha mimi."

Alasiri hiyo Mehra alikwenda polisi kwa miguu yake, akasema yote. Balkar aliandika ripoti: chanzo hakijulikani. Akakiri pia kwamba ameharibu ushahidi, akijua linaweza kumgharimu leseni. Aliichapa peke yake ofisini, akasaini, akafunga bahasha kwa lakiri, akaipeleka mwenyewe.

Kesho yake meneja wa bima akampigia simu.

"Kaka Balkar, mbona hukuniambia ulikuwa na shahidi?"

"Sikuwa naye."

"Njoo uone."

Mimi na Balkar tulikwenda pamoja. Ukurasa wa mwisho, chini ya saini yake, kwenye mstari wa shahidi alioacha wazi, palikuwa na alama ya dole gumba. Ndogo, nyembamba, ya masizi.

Niliigusa. Karatasi ilikuwa ya moto.