Pingamizi la Mzee Andongwisye

— Nijibu neno moja tu, Hebroni. Una mke au huna?

Habiba alikuwa ameukumbatia mkonga wa simu ya dukani kwa Hebroni kwa mikono yote miwili. Upande wa pili, Kasumulu mpakani, ngurumo za malori zilikuwa zinammeza Hebroni.

— Sina. Nani kakwambia ninaye?

— Baba yako. Kaweka pingamizi kwenye tangazo letu la ndoa pale bomani. Anasema umeshaoa kimila, ng'ombe wa mahari walitoka, na mke anaitwa Anyisile wa Talatala.

Hebroni akapaza sauti juu ya malori.

— Anyisile namjua. Walitaka nimwoe, nikakataa. Hakuna ng'ombe aliyetoka.

— Basi hayo ukayaseme mahakamani.

Akakata simu. Alimwamini, ila si kwa moyo wote, na hilo ndilo lililomuuma. Mwanamume anayejua kuvusha vitenge vya Malawi bila forodha kunusa, anashindwaje kuficha mke?

Ulikuwa mwaka wa tisini na tano, vyama vingi bado vigeni, na kila ukuta wa Kyela umebandikwa sura ya mtu. Mzee Andongwisye, baba yake Hebroni, alikuwa mzee wa kanisa na mgombea udiwani, na kura zake alikuwa ameshazipanga kwenye mabenchi ya Jumapili. Mwanawe kuoa binti wa Kiislamu, tena bomani, bila mchungaji wala shehe, kungemharibia hesabu hizo. Mzee Abasi, baba yake Habiba, naye hakuwa na maneno mengi: kijana asilimu, au binti asahau duka na mwenye duka. Ni sheria peke yake iliyowakubali wote wawili kama walivyo, na sasa hata mlango huo ulikuwa unataka kufungwa.

Siku ya shauri mahakama ya mwanzo ilijaa pomoni. Habiba alipofika mlangoni akamwona Mzee Andongwisye ndani. Akavuta khanga usoni, akarudi barazani, akasimama karibu na dirisha.

Hakimu, ambaye alikuwa mgeni wilayani, alikunja uso.

— Bibi harusi mbona haingii?

— Mkwe wangu yumo humo, mheshimiwa. Nitasikilizia hapa hapa.

Mama Tukuswiga, mzee wa baraza aliyeketi kando ya hakimu, akaeleza kwa upole:

— Kwetu mwanamke hakutani na baba mkwe, mheshimiwa. Humpisha njia, hamtazami, wala jina lake halitamki.

— Huyo si mkwe wangu — alisema Mzee Andongwisye. — Mkwe wangu ni huyu.

Anyisile alikuwa ameketi naye benchi moja, bega kwa bega, amempakatia kofia yake.

— Umeolewa na nani? — hakimu alimuuliza.

— Na Hebroni. Mwaka juzi, baada ya mavuno ya mpunga.

— Ng'ombe walitolewa?

— Walikuja nyumbani, mheshimiwa.

Alijibu bila kusita. Hebroni alisimama akasema huo ni uongo, akaamriwa akae. Kule barazani Habiba alisogea dirishani. Alichungulia ili angalau amwone mwanamke aliyemzidi kete, na badala ya uso wake akaliona lile benchi.

— Mheshimiwa, naomba nimuulize dada huyu — alisema kupitia dirishani. Leo umekuja na usafiri gani?

— Na pikapu ya kampeni.

— Ulikaa wapi?

— Mbele, na mzee.

Minong'ono ikaanza. Mama Tukuswiga akavua miwani.

— Na mzee mwenyewe anaitwa nani? — Habiba aliuliza.

— Andongwisye. Kwani wewe humjui?

Watu wa nyuma wakaangua kicheko. Anyisile akajiziba mdomo, lakini jina lilikuwa limeshatoka.

— Mwanangu — Mama Tukuswiga alisema — mke wa mwaka wa pili unabanana na baba mkwe kiti kimoja, unamtaja kwa jina? Ulifundwa na nani?

Anyisile akaanza kulia.

— Niliambiwa niseme hivi tu. Uchaguzi ukipita, Hebroni atanioa kweli.

Habiba alimwonea huruma, ingawa hakupenda.

Hakimu hakuchukua muda.

— Mahakama haiulizi mtu anasali wapi. Inauliza kama ana mke. Hana. Pingamizi limetupwa.

Mzee Andongwisye akachukua kofia yake, akaelekea mlangoni, mlango pekee, unaotokea pale barazani. Habiba alisikia hatua zake, akageukia ukuta. Mzee akasimama kizingitini. Angeweza kupita tu, kama anavyompita mwanamke yeyote sokoni. Wapiga kura wake walikuwa nyuma yake, wote wanamtazama miguu.

— Mama Tukuswiga — alisema mwishowe, sauti ya chini — mwambie mkwe wangu anipishe nitoke.

Habiba akashuka ngazi, akaenda kusimama mbali, nyuma ya jengo. Hebroni alimkuta huko, amefunua khanga, machozi yanamtiririka.

— Umesikia alivyokuita?

— Nimesikia. Twende bomani kabla hajakata rufaa.