Damu ya Fundi Magari

Kila jioni, wakishakula, Fundi alimuuliza binti yake, "Haya, mwanangu, leo mwalimu kawalisha nini?" Binti alieleza somo. Fundi, aliyetengeneza magari tangu ujana wake, aliligeuza somo lote kuwa gari. Moyo ukawa pampu. Figo zikawa chujio. Mama watoto alicheka mpaka akashika mbavu.

Lakini siku hizo hakucheka. Alikuwa na uvimbe kwenye kizazi. Alitokwa na damu nyingi kila mwezi, na hata kukunja nguo kulimchosha. Daktari alitaka kumfanyia upasuaji, lakini akiba ya damu hospitalini ilikuwa ndogo. Ndugu waliombwa waje kuchangia kwanza.

Juma hilohilo binti alifundishwa kuhusu seli, zile chembe ndogo zinazojenga mwili.

"Baba, seli nyekundu za damu hazina kiini. Kiini ndicho kinachoiongoza seli. Bila kiini haiwezi kujigawa ikazaa nyingine."

"Basi hiyo si seli," Fundi alisema. "Gari bila injini ni bodi tu."

Alicheka, kisha kicheko kikamkauka. Kama seli hizo hazizai, akizitoa atapata wapi nyingine? Aliyajua magari ambayo spea zake hazitengenezwi tena. Kikivunjika kifaa, ndiyo basi. Kesho yake, alipotakiwa kwenda kuchangia, alisema ana mafua. Keshokutwa alisema kazi zimembana. Mkewe alimtazama, akageukia ukutani. Fundi aliona aibu, lakini woga ulimshinda.

Jirani yao alikuwa mpimaji damu katika maabara ya hospitali. Asubuhi moja alipita gereji kuchukua gari lake.

"Fundi, mbona hatukuoni? Mkeo anasubiri damu."

"Dada, nisikufiche. Naogopa. Seli nyekundu zikitoka hazirudi. Hata seli zenyewe si seli, hazina kiini!"

Mpimaji hakumcheka. Alikaa juu ya tairi.

"Zilikuwa nacho. Zinazaliwa kwenye uboho, ile nyama laini iliyo ndani ya mifupa. Seli ikikaribia kukomaa, inakitoa kiini nje ili ipate nafasi ya kubeba oksijeni nyingi zaidi, ile hewa tunayoihitaji. Lakini ina utando wake. Inatumia sukari kujipatia nguvu. Inafanya kazi, inazeeka, inakufa. Hiyo ni seli, tena seli ya kweli. Ila imejitoa kwa kazi moja."

"Na damu ya kuku?"

"Seli nyekundu za kuku zinabaki na kiini."

"Loo! Kwa hiyo kuku kanizidi?"

"Kwa hilo tu."

Fundi alikuna kichwa. "Lakini haizai."

"Haizai. Inaishi kama miezi minne, basi. Sasa niambie, kama hakuna nyingine zinazotengenezwa, wewe ungekuwa hai leo?"

Fundi aliupapasa mfupa wa mkono wake.

"Kiwanda kiko kwenye mifupa, Fundi, na hakijafungwa. Ukichangia, maji ya damu yanarudi ndani ya siku moja au mbili. Seli zinachukua wiki kadhaa. Tutakupima kwanza. Ukiwa na upungufu wa damu, hatukutoi. Ukimaliza, pumzika na unywe maji. Kula maharage, mboga za majani, na nyama ukiipata."

Fundi alinawa grisi mikononi. "Ngoja nifunge gereji."

Alipimwa, akalala kitandani, akachangia. Sindano ilipoingia alifumba macho, yeye anayeshinda na nyundo na vyuma! Upasuaji ulifanyika wiki hiyo, ukaenda salama.

Mkewe alipopata nguvu ya kuongea, Fundi alivuta kiti.

"Mama watoto, sikuwa na mafua. Niliogopa."

"Najua," mkewe alisema. "Hata mimi niliogopa. Ila mimi sikuwa na gereji ya kukimbilia."

Fundi alisogea karibu. Alimshika mkono, wakakaa hivyo.

Miezi ilipita. Bila kuitwa na mtu, Fundi alikwenda tena hospitali kumchangia mgonjwa asiyemjua. Mkewe alimsindikiza kwa miguu. Alitangulia mbele, akimwambia akaze mwendo.