Mgeni na Kete Nyeupe

Kitendawili! Haya, tegua: majemadari wangu wawili hawali, hawalali, wanauana mchana kutwa na damu haimwagiki. Umeshindwa? Nipe mji. Umenipa Mzumbe? Ahsante, nimefika, nimekula njegere za mlimani, nimeshiba. Jibu ni programu mbili za kompyuta zinazocheza sataranji zenyewe.

Miaka hiyo maduka ya Morogoro ndiyo kwanza yalianza kujaa vitu vya nje. Mjomba Thobias, mwalimu wa chuo, alinunua programu hizo, moja akampa mwanawe Gervas, nyingine akampa Veronika, mpwa wake aliyeshuka kutoka Uluguru kwa likizo. Kila asubuhi, vyombo vikishaoshwa, watoto waliketi mbele ya kompyuta mbili. Programu ya mmoja ikicheza, yeye hutangaza, na mwenzake huingiza hatua hiyo kwenye kompyuta yake.

"Farasi karuka!" Veronika alinong'ona. "Jamani, nani kamwambia aruke?"

"Kajiambia mwenyewe," Gervas akajibu, naye kakodoa macho.

Mjomba alikuwa ameahidi: mwenye programu bora atakwenda naye Dar, kwenye maonyesho ya Sabasaba. Veronika hakuwahi kuiona bahari.

Gervas, kwa adabu ya nyumbani kwao, alimpa mgeni kete nyeupe, zile zinazoanza, na kiti cha mbele ya kompyuta mpya. Yeye akabaki na ile kuukuu. Ikawa hivyo kila mchezo, maana mgeni hanyang'anywi kiti. Na kila mchezo, programu ya Veronika ikashinda.

"Vero," Mjomba aliuliza, "una hakika yako ndiyo yenye akili zaidi?"

Veronika akainama, akachezea upindo wa gauni. Alikwishaona kwamba ndani ya dakika ileile moja ya kila hatua kompyuta mpya huwaza mbali, ile kuukuu ikikoroma tu.

Jioni akamkuta Gervas akikunja shati alilolipigia pasi kwa safari.

"Nalirudisha tu kabatini," Gervas alicheka kinyonge. "Uniletee maji ya bahari kwenye chupa."

Maneno yale yakamchoma. Akamwendea Mjomba. "Shikamoo, Mjomba. Mimi nilikalia kompyuta yenye mbio, na kuanza nikaanza mimi siku zote. Nilijua, nikanyamaza."

"Marahaba, mama."

Kesho yake Mjomba aliazima kompyuta nyingine mpya, pacha wa ile. Mbio zikawa sawa, na kila baada ya mchezo watoto wakabadilishana kete. Wafalme walikimbia, minara ikaanguka, na hakuna mkono uliowasaidia. Veronika alijikuta ameziba mdomo kwa mshangao, amesahau hata programu ipi ni yake.

Mchezo wa mwisho ulipokwisha, Mjomba akasema, "Wanangu, mgeni mpeni kiti na chakula. Lakini mnapopima, mpeni kila mmoja sawa, hata kama mnayempenda atashindwa. Haya, Vero, nilikuuliza ukanyamaza. Ipi yenye akili zaidi?"

Veronika akainua uso.

"Ya Gervas, Mjomba. Nitamtafutia chupa, aniletee yeye maji."