Tundu Lililopwaya

Ildefonce alikuwa fundi seremala katika kijiji kimoja cha Busunzu, wilayani Kibondo. Kila asubuhi alipanga zana zake kwenye banda la nyasi, kando ya shamba la maharage. Watu walipenda viti vyake kwa sababu viling'aa. Vanishi hakuibania.

Mwezi wa sita mwaka 2013, mtoto wake mdogo, Isack, alibatizwa. Mama mkwe wake, Bibi Esteri, alikuja kutoka Nyakitonto. Ildefonce alimtengenezea kiti kipya, akakiweka mbele ya wageni wote.

"Karibu mama. Hiki ni chako."

Bibi Esteri alikaa, akashukuru. Alipoegemea nyuma, mguu mmoja wa kiti ulichomoka. Akaanguka chini, akaulalia mkono wake wa kushoto.

Wageni wote wakamgeukia Ildefonce. Macho yale yalimchoma. Mdomo wake ukasema kabla hajafikiri:

"Ni mbao! Omary ameniuzia mbao mbovu!"

Omary alikuwa muuza mbao wa pale kijijini. Hakuwepo kujitetea. Wageni walitikisa vichwa, wakaamini.

Mkono wa Bibi Esteri ulikuwa umevunjika. Wahudumu wa zahanati walimpeleka hospitali, akafungwa plasta ngumu. Akabaki kwa binti yake, Ernesta, mke wa Ildefonce, ili auguzwe. Kila Ernesta alipomlisha mama yake, Ildefonce alitoka nje. Hakuweza kumtazama.

Siku ya nne, Ernesta alimfuata bandani. Alikuwa ameshika ule mguu wa kiti.

"Baba Isack, mbao hii haina ufa. Hapa juu ya mguu kuna tundu la kuingizia ulimi, ile ncha ya ubao wa kalio. Tundu lilikuwa kubwa kupita ulimi. Ulijaza vumbi la mbao na gundi, ukapaka vanishi juu. Au nasema uongo?"

Ildefonce alitazama chini.

"Husemi uongo."

"Ulijua tangu siku ile?"

"Nilijua."

Ernesta hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali angepiga. Alisema tu, "Kuna fundi Kibondo mjini, anaitwa Recho. Amesomea kazi hii. Nenda ukajifunze."

Ildefonce alikuwa amefanya useremala miaka kumi na minne. Recho alikuwa msichana wa miaka ishirini na sita. Hata hivyo Ildefonce alipanda basi kwenda kwenye karakana ya Recho, zana zake zikiwa ndani ya kiroba.

"Dada, naomba unionyeshe namna ya kutoboa tundu la kiti," alisema kwa sauti ndogo.

"Karibu, kaka. Wewe unatumia zana gani?"

Ildefonce alitoa patasi pana yenye chuma chembamba, nyundo ya chuma, na bisibisi iliyonolewa. Mafundi wawili waliokuwa pale waliitazama ile bisibisi. Alitamani kuirudisha kwenye kiroba.

Recho aliichukua bila kucheka.

"Hii ni ya kufungia skrubu. Ukichimbia, inararua kuta za tundu. Na patasi hii ni nzuri kwa kulainisha tu. Ukiitumia kung'oa vipande, inapinda, nawe unazidi kupanua tundu."

Alileta patasi nyingine. Ilikuwa nyembamba kwa upana, lakini chuma chake kilikuwa kinene. Mpini wake ulikuwa na pete ya chuma.

"Hii ndiyo ya matundu. Unene wake hauiruhusu kupinda. Pete inazuia mpini usipasuke. Sasa, mguu wako una unene gani?"

"Inchi moja na nusu."

"Gawanya kwa tatu. Upana wa tundu uwe theluthi moja, yaani nusu inchi. Basi chagua patasi ya nusu inchi. Upana wa patasi ndio upana wa tundu. Usikisie kwa macho. Chora mistari kwanza."

Alitoboa vishimo kwa keekee katikati ya mistari. Kisha akachimba kwa patasi, akianzia katikati na kumalizia pembeni. Aligonga kwa nyundo ya mti, maana ile ya chuma huharibu mpini.

"Sasa jaribu ulimi kabla ya gundi. Uingie kwa kugongwa kidogo. Ukiingia wenyewe, tundu linapwaya; kata mbao nyingine."

Ildefonce alijaribu. Tundu la kwanza lilikwenda upande. La tatu lilikaa sawa.

"Asante, fundi," alisema. Safari hii hakumwita dada.

Alirudi Busunzu na patasi ya nusu inchi. Kwanza alimpigia magoti Bibi Esteri.

"Mama, mbao ilikuwa nzima. Kosa ni langu. Nilidanganya mbele ya watu."

Bibi Esteri aliupakata mkono wenye plasta.

"Mkono utapona," alisema. "Omary umemwambia?"

Alikwenda kwa Omary siku hiyohiyo. Omary alisikiliza huku akipanga mbao.

"Tangu siku ile wateja wanazigongagonga mbao zangu, kisha wanaondoka. Kuniambia mimi peke yangu hakutoshi."

Basi Ildefonce alipita nyumba kwa nyumba, kwa kila mgeni aliyekuwepo siku ya ubatizo. Katika kila mlango alirudia maneno yaleyale, na kila mara yalikuwa mazito. Mmoja alifunga mlango. Kila aliyewahi kununua kiti kwake, Ildefonce alimwomba akirudishe, kisha akachimba matundu upya kwenye miguu mipya, bila malipo.

Mwaka uliofuata, shule ya jirani ilimwagiza viti ishirini vya walimu. Mbao zote alizinunua kwa Omary. Mwalimu mkuu alikitikisa kila kiti kwa mikono miwili. Hakuna kilicholegea.