Bikoni Mbili za Bustani ya Odo-Isin

Bikoni mbili, nguzo za zege za kuonyesha mpaka wa upande wa mashariki, ziling'olewa Jumanne alfajiri, na kufikia saa moja asubuhi zilikuwa zimeshapatikana. Hazikufika mbali. Zilikuwa zimesimikwa upya ndani ya shamba la muhogo la ukoo wa Sobowale, hatua sita nje ya mpaka wa Bustani ya Odo-Isin. Bustani ilikuwa imenenepa kama mtu aliyetoka likizo kwa mama yake.

Inspekta Gbenga Olorode alichuchumaa kwenye shimo la zamani. Sajini Danladi alipiga picha. Nyuma yao Chifu Sobowale, mkuu wa ukoo, alikuwa akiunguruma.

"Huu ni wizi wa ardhi. Mkamate mtunza bustani sasa hivi."

"Kwa ushahidi gani, Chifu?"

"Muulize kesho kuna nini."

Mji mzima ulijua kesho kuna nini. Bunge la jimbo lilikuwa limepitisha Sheria ya Bustani na Viwanja vya Mapumziko. Bustani yenye hekta mbili au zaidi ingeingia kwenye orodha ya jimbo: isingeuzwa tena, na kila mwaka ingetengewa fungu la kuitunza. Iliyopungua ingebaki kwa halmashauri, na halmashauri ya pale ilikuwa na mkono mwepesi wa kugawa viwanja. Wapimaji walishapima. Odo-Isin ilipungua kipande chembamba tu, upana wa hatua sita upande mmoja. Kamati ya Bunge ingefika Jumatano saa nne kuhakiki. Na sheria ilisema wazi: penye mgogoro wa mpaka, bustani inafutwa.

Mtunza bustani, Lasisi, aliinua shati kabla hajaulizwa.

"Afande, bikoni moja ina uzito wa mfuko wa saruji. Mimi nimepasuliwa ngiri wiki mbili zilizopita. Hata ndoo nabebewa."

Nyuzi bado zilikuwa mbichi. Olorode alimwachia aende zake.

"Basi ni Chifu mwenyewe," Danladi alinong'ona. "Anatengeneza mgogoro ili bustani ifutwe, auze shamba na halmashauri iuze kiwanja, kije kituo cha mafuta."

Olorode aliipenda hoja hiyo. Aliipenda mpaka alipotazama chini. Kando ya kila bikoni palikuwa pamepandwa masale, vijiti vitatu vitatu, vimekatwa siku hiyo hiyo.

"Danladi, mpimaji wa serikali anapanda masale?"

"Hapana. Anasimika zege anaondoka."

"Na mwizi wa ardhi?"

"Ana haraka, afande."

"Sasa huyu ni mtu aliyekulia hapa, akaambiwa tangu mdogo kwamba mpaka bila masale ni uongo. Mkono wake ulipanda kabla kichwa hakijamkataza."

"Kwetu kaskazini tungeweka jiwe tu."

"Ndiyo maana wewe usingekamatwa."

Walipita nyumba moja baada ya nyingine wakikagua ua. Ya tatu, nyuma ya jiko, masale sita yalikuwa yamekatwa mshazari, utomvu haujakauka. Olorode alichukua kijiti kimoja cha shambani akakiweka juu ya kisiki. Vilikaa pamoja bila nafasi ya kupitisha ukucha.

Ilikuwa nyumba ya Mama Dekunle, mjane wa mdogo wake Chifu. Alikuwa akikaanga akara za kunde.

"Karibuni. Mtakula?"

"Tutakula baadaye, Mama," alisema Olorode, na ilimuuma kusema hivyo.

Kituoni Chifu aliketi kando, mdomo wazi.

"Ameiba ardhi ya ukoo wake mwenyewe? Akampa nani?"

Olorode alimgeukia Mama Dekunle. "Mama, nani alikusaidia?"

"Hakuna."

"Bikoni mbili, Mama. Za zege."

"Nilikula vizuri."

"Kwa nini ulizihamisha?"

Mama Dekunle alitazama mikono yake.

"Mume wangu Jimoh alipofariki, nilijifungia ndani miaka miwili. Watu walikuja matangani, wakala, wakaondoka. Asubuhi moja wanawake wanaofanya mazoezi pale bustanini wakasimama mlangoni kwangu. Wakasema, vaa viatu. Nikazunguka nao kwa kandambili. Tangu siku ile nikiamka nina mahali pa kwenda. Wakipauza pale, mimi narudi ndani. Na safari hii sitatoka."

Chifu alikohoa.

"Shemeji, si ungeniomba?"

"Ungekataa."

"Ningekataa, ndiyo. Lakini ungeniomba."

Kelele zilisikika mapokezi. Mlango ukafunguliwa na wanawake wakaanza kuingia, wengine na vilemba, wengine na suruali za mazoezi chini ya vitenge.

"Mimi nilisukuma toroli," alisema wa kwanza.

"Mimi nilichimba."

"Mimi nilishindilia udongo. Andika, Sajini, unanitazama nini?"

Danladi aliandika mpaka karatasi zikamwishia. Wa mwisho kuingia alikuwa mke wa Chifu.

"Na wewe?" Chifu aliuliza kwa sauti ndogo.

"Mimi ndiye niliyepima hatua. Ndiyo maana zimetimia."

"Uliniambia unakwenda sokoni."

"Nilipitia sokoni."

Odo-Isin mtu haombi msamaha peke yake. Huja na watu wa kumwombea. Mama Dekunle alipiga magoti, na wale ishirini na mmoja wakapiga magoti pamoja naye, kwenye sakafu ya kituo cha polisi. Chifu alitazama dari. Alijua hawezi kurudi nyumbani akiwa amewakatalia, lakini alikuwa na haki ya kuwachelewesha kidogo, na aliitumia yote.

"Sheria inasemaje, Inspekta?"

"Ukoo unaweza kutoa ardhi kwa maandishi, mrithi akiridhia. Kukiwa na maandishi hakuna mgogoro. Lakini bikoni zinarudi zilikotoka leo hii, na watakaozibeba ni hawa hawa. Kesho mpimaji atazihamisha kihalali. Nawapa onyo, nyote."

Wakampigia simu Dekunle, mwana wa Jimoh, aliyekuwa jijini.

"Baba mkubwa, mimi nimekubali tangu jana."

"Tangu jana?"

Simu ikakatika ghafla.

Jumatano saa nne katibu wa kamati alifungua daftari lake. Sheria ilitaka jina la aliyetoa ardhi liandikwe langoni.

"Niandike Chifu Sobowale?"

Chifu alinyoosha joho lake. Watu walijiandaa kwa hotuba.

"Andika Jimoh Sobowale," alisema. "Lilikuwa fungu la mdogo wangu. Nimelikalia tangu tumzike, na jina lake sijalitamka."

Mama Dekunle alilia pale pale, mbele ya kamati nzima, na hakuna aliyemwambia anyamaze.