Rejeta ya Gari la Wagonjwa

Saa moja asubuhi, Jumanne moja ya Mei mwaka 1996, wachuma chai waliokuwa wakipanda kilima cha kuingia Sosiot waliona mvuke ukifuka kando ya barabara. Walidhani mtu anachoma takataka zilizolowa. Walipofika karibu walikuta Landrova nyeupe ya zahanati ndogo ya kanisa, ile ya upande wa Sigowet, boneti iko juu na dereva amepiga magoti kwenye matope. Mkono wake wa kulia ulikuwa umebabuka kuanzia kiganja hadi kiwiko. Ndani ya gari muuguzi Elmina alikuwa bado ameshika mkono wa mama aliyefunikwa shuka. Mama huyo aliitwa Rebeccah. Alikuwa amejifungua salama alfajiri, kisha damu ikakataa kusimama, ikabidi mtoto aachwe zahanati. Alikata roho pale katikati ya mashamba ya chai, akingoja gari lipoe ndipo afikishwe hospitali ya Kericho.

Inspekta Joan Chepkurui wa idara ya upelelezi alifika zahanati saa sita. Gari lilikuwa limeshavutwa na trekta hadi uani. Dereva, Bogonko, alikuwa amefungwa kamba kwenye nguzo ya lango, na mkono wenye malengelenge haujatiwa dawa. Watu zaidi ya mia walikuwa wamemzunguka.

"Nani amemfunga huyu?" Joan aliuliza.

Alichomoa kisu kidogo, akaikata kamba mwenyewe. "Elmina, mtibu huyu mtu sasa hivi. Atakayemgusa tena nitaondoka naye."

Mzee mmoja wa makamo, aliyevaa koti la mvua na kofia ya pama, alijitokeza mbele. Alikuwa Weldon arap Soi, mwenyekiti wa kamati ya zahanati, mtu aliyejulikana kote kwa kubeba maziwa ya wakulima hadi Sotik kwa Landrova yake.

"Madam, huyu ameua," alisema kwa sauti ya kusikiwa na wote. "Hakuweka maji kwa rejeta. Kazi yake ni hiyo moja tu. Tumewapa hawa watu kazi, sasa wanatuulia wake zetu."

"Hawa watu gani?"

Umati ulinguruma. Kila mtu alijua kwamba wazazi wa Bogonko walikuwa wahamiaji kutoka Kisii. Kando kidogo alisimama Johana, mume wa Rebeccah, bado na ovaroli ya kiwanda cha chai. Habari ilikuwa imemkuta kazini. Hakuwa akilia wala kuongea, alikuwa anamtazama Bogonko tu, na mkononi alishika panga.

Joan alimketisha Bogonko kwenye ngazi ya zahanati.

"Umeungua na nini?"

"Nilifungua kifuniko ya rejeta, maji ikanirukia."

"Hujui rejeta haifunguliwi ikiwa moto?"

"Najua, madam. Lakini mama alikuwa anaisha nikimwangalia. Niliona ngozi si kitu."

"Maji yalikuwa mengi?"

"Iliruka mpaka juu ya paa."

Joan alilitazama shati lake. Lilikuwa limelowa hadi kiunoni, na lilipoanza kukauka lilibaki na madoa mekundu kama kutu. Aliinuka akawageukia watu.

"Mnasema hakuweka maji. Rejeta tupu haimwogeshi mtu hivi. Maji yalikuwemo."

"Labda aliyaweka baadaye," Weldon alisema.

"Baada ya kuungua, kwa mkono gani?"

Kabla ya kuingia upelelezi, Joan alikuwa amefanya kazi miaka kadhaa katika karakana ya polisi Nakuru. Alijua kuwa maji ndani ya gari hayakai mahali pamoja. Yanazunguka ndani ya injini yakibeba joto, pampu inayasukuma, yanaingia juu ya rejeta na kushuka kwenye vijipaipu vyembamba, huku feni ikivuta upepo kati ya mabati mepesi yanayovishikilia. Yakifika chini yawe yamepoa, ndipo yarudi injini. Mzunguko huo ukikatika popote, gari litachemka hata likijazwa mto mzima.

Alivua koti akakunja mikono. Mkanda wa feni ulikuwa mzima na umekaza. Pampu haikuvuja. Alikitoa kile kidude cha thamostati, kinachoyazuia maji mpaka injini ipate joto, akakitumbukiza kwenye sufuria ya maji yaliyochemka jikoni kwa muuguzi. Kilifunguka vizuri. Alirudi kwenye gari, akaichomoa paipu ya chini ya rejeta na kumimina debe la maji kwa juu. Chini yalitoka matone tu, kama bomba bovu, na juu yakajaa na kumwagika.

"Imeziba," alisema. Aliinama akaitazama kwa mbele. Mabati yake yalikuwa yamejaa matope makavu na makapi ya nyasi. Ubavuni palikuwa na kiraka kikubwa cha solda. Bolti tatu zilikuwa na mikwaruzo mipya, na mahali pa ile ya nne palifungwa waya.

"Rejeta hii ina umri gani?"

Elmina ndiye aliyejibu. "Ni mpya, madam. Akina mama wa kanisa waliinunua Januari. Duke wa Sosiot ndiye alifunga."

Umati ulipata adui mwingine papo hapo. Kabla Joan hajafika barabarani, kulikuwa na vijana waliokwisha kuanza safari ya kwenda kuivunja gereji ya Duke Ogari. Joan aliwapita kwa gari la polisi akafika kwanza, nyuma amebeba ile rejeta aliyokuwa ameing'oa.

"Uliwauzia akina mama rejeta kuukuu iliyopakwa rangi?" alimuuliza Duke bila salamu.

Duke, fundi mnene mwenye mikono ya grisi, alipandwa na hasira pia. "Mimi? Pasta wa kanisa lao alikuwa amesimama hapa nikiitoa kwa karatasi ya dukani! Muulize! Na sikuweka maji ya mto, niliweka ile dawa ya kijani ya kuzuia kutu. Nikamwambia Bogonko, hii ukiongeza maji ongeza safi, na mbele uwe unaosha matope pole pole usikunje mabati. Itakaa miaka."

"Basi hii ni nini?"

Duke aliiinamia rejeta akapitisha kidole kwenye kile kiraka. Uso wake ulibadilika.

"Hii solda ni mkono wangu," alisema taratibu. "Lakini sikuichoma kwa gari ya zahanati."

"Kwa gari la nani?"

Alitazama nje, ambako vijana walikuwa wanakaribia. "Madam, mimi naishi hapa kwa watu. Nina watoto. Nikitaja mtu mkubwa, kesho wewe uko Kericho na mimi niko hapa."

"Mwanamke amekufa, Duke!"

"Najua amekufa!" Alipiga meza kwa ngumi. Kisha akashusha sauti. "Uliza ni gari gani ilikuwa inachemka kila siku hapo mtoni, dereva anateka maji na mkebe. Halafu uliza mbona wiki hii imepita bila kusimama."

Joan aliwaacha polisi wawili walinde gereji, akarudi zahanati kuzungumza na Bogonko. Alimkuta amefungwa bendeji.

"Gari lilikaa na nani wiki iliyopita?"

"Mimi nilienda Nyamira kuzika shangazi. Funguo niliachia mwenyekiti. Nimerudi jana jioni. Hii asubuhi nimeamshwa ikiwa giza, nikaingiza kidole kwa rejeta, maji ikanigusa, nikafunga nikaenda. Sikuona rangi." Aliinamisha kichwa. "Ningengoja taa..."

"Usijilaumu kwa kazi ya mtu mwingine," Joan alimkatiza.

Saa tisa wazee wa kamati walikutana uani kuamua Bogonko na jamaa zake wahame lini. Weldon alifika na Landrova yake, aina ile ile kama ya zahanati, mikebe ya maziwa ikigongana nyuma. Aliposhuka tu, Joan alisimama mbele ya boneti.

"Mzee, fungua hapa."

"Gari iko moto, madam. Wewe si fundi? Kifuniko haifunguliwi ikiwa moto."

"Kweli kabisa. Tutangoja ipoe."

Aliketi kwenye bampa. Watu walisogea, mmoja mmoja, hadi wakafanya duara. Weldon aliangalia saa yake.

"Maziwa itaharibika."

"Umepanda kilima cha Sosiot leo na mikebe imejaa?"

"Nimepanda. Kwani?"

"Hukusimama mtoni kuongeza maji?"

"Gari yangu haina shida."

"Mwezi uliopita ilikuwa nayo. Uani hapa nani hajaiona ikitoa moshi?" Mama mmoja alitikisa kichwa kwa kukubali. "Ni nani aliyeitengeneza?"

"Fundi wa Sotik."

"Jina lake?"

"Nimesahau."

"Wiki iliyopita ambulensi ilikuwa wapi?"

"Hapa. Sikuigusa."

"Hapana, mwenyekiti," Elmina alisema kutoka mlangoni. "Alhamisi uliichukua. Ulisema unapeleka kuoshwa."

Weldon alimgeukia kwa macho makali, kisha akaangalia umati aliouzoea, na safari hii haukunguruma pamoja naye. Joan alifungua boneti akaweka kiganja juu ya rejeta. Ilikuwa vuguvugu. Alifunika kifuniko kwa kitambaa, akakizungusha kidogo, akasikiliza, akakifungua chote.

Alichovya kitambaa cheupe akakiinua juu wote wakione. Kilikuwa kijani kibichi.

Weldon alivua kofia.

"Yangu ilikuwa imeziba," alisema. "Ni maji ya mto, miaka yote, tope ikajaa ndani. Mpya ilikuwa inatoka Nairobi, wakasema ngoja. Na maziwa haingoji, njia yangu ingepewa mtu mwingine. Hii ya zahanati inakaa tu chini ya mti. Gari ya kukaa inataka rejeta mpya ya nini? Nikabadilisha, pamoja na maji yake ya kijani. Ningerudisha. Wiki mbili tu, ningerudisha."

"Na leo asubuhi?" Joan alipaza sauti hadi ikapasuka. "Ulijua tangu saa moja! Ulijua ni nini kimemuua Rebeccah, ukasimama hapa ukaacha mtu afungwe kamba! Ungemwacha achomwe!"

"Watu walikuwa na hasira. Niliogopa."

Johana alikuja na panga. Joan alisimama katikati, akawaza kwamba huenda asiweze kumzuia, na kwamba sehemu moja ya moyo wake haikutaka. Johana alimtazama Weldon, mtu aliyesimamia harusi yake, akatema mate chini. Kisha panga likamponyoka.

Polisi walimtia Weldon pingu kwa wizi wa rejeta, na Joan aliahidi kwamba kosa la kusababisha kifo lingefuata. Umati ulianza kutawanyika, watu wakipita mbele ya Bogonko huku wakitazama chini.

"Hakuna hata mmoja wa kumwomba msamaha?" Joan aliwafokea. "Asubuhi mlikuwa na midomo!"

Waliharakisha hatua. Johana peke yake ndiye aliyebaki. Alimwendea Bogonko, akakaa kando yake kwenye ngazi, upande wa mkono mzima.

"Ulikuwa naye," alisema. "Alisema nini?"

Bogonko aliutazama mkono wake wenye bendeji.

"Aliuliza kama mtoto amenyonya."

"Ukamwambia nini?"

"Nilimwambia ndiyo."

Johana alijifunika uso kwa mikono yake miwili, na hiyo ndiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kulia tangu asubuhi.